Kizuka Hatoki

Bwejuu,
10 Januari 1954

Mama yangu Bi Mwatima,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeamka vizuri na kifua hakikusumbui kwa vumbi hili la kaskazi. Sisi huku wazima. Mimba yangu imeingia mwezi wa saba, na mkweo Shaame amenikataza hata kuinua ndoo. Anakusalimu sana.

Mama, jana walifika wageni wa mjini wakatueleza kuwa huko Ng'ambo nyumba za makuti zimeungua safu nzima, kwa kibatari kimoja kilichoangushwa na paka. Tangu hapo roho yangu haijatulia. Baba amefariki, uko peke yako, na mtaa wetu wa Miembeni nyumba zimebanana hata mtu akipiga chafya kwake, wa nyumba ya pili ndiye anayemwombea rehema.

Nakuomba ufanye haya kabla upepo haujazidi. Weka mitungi ya maji uani, isiguswe kwa kunywa wala kwa kupikia, iwe ya kuzimia moto tu. Debe la mchanga likae jikoni. Ule upembo wa baba wa kuangulia maembe uegeshe mlangoni, maana ndio utakaovutia makuti chini. Na zaidi ya yote, mwite fundi Silima aje ang'oe misumari ya mlango wa nyuma. Moto ukishika mbele, wewe utapita wapi?

Nijibu upesi, mama.

Mwanao,
Shemsa

Miembeni,
15 Januari 1954

Mwanangu Shemsa,

Marahaba, na Mungu akutunze wewe na huyo uliyembeba. Mimi sijambo. Kifua kinakohoa kidogo lakini ulimi hauna maradhi, kama utakavyoona.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa hasira. Unaniuliza nitapita wapi? Umesahau kuwa mimi ni kizuka? Babako hajatimiza hata miezi miwili kaburini. Nimevaa nguo zangu za eda, sijitii manukato, sivuki kizingiti mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Bibi yako alikaa eda yake paa likimvujia masika yote, na hakwenda hata kwa jirani. Kizuka hatoki, Shemsa. Moto ukija utanikuta juu ya mkeka wa babako nikisoma Yasini, na Mungu ndiye mlinzi.

Ama huo mlango, unajua unakofungukia. Unafungukia uani kwa Mwanakheir. Mbuzi wake walipokula ukili wangu wa mkeka mzima, aliniambia nini? Kwamba nimeuanika pabaya! Babako aliipiga misumari ile kwa mkono wake, kwa ajili yangu. Heri niungue kuliko kumwomba njia mwanamke yule.

Maji nitaweka, ili unyamaze.

Mamako,
Mwatima

Bwejuu,
19 Januari 1954

Mama,

Shikamoo. Hali zetu njema, na zako naziombea. Leo salamu zangu fupi kwa sababu nimekasirika, na kumkasirikia mama ni dhambi, basi naandika haraka niimalize.

"Heri niungue." Nimelisoma neno hilo nikaiacha sahani ya chakula. Tumemzika baba juzi juzi tu. Sina mama wa pili. Unaniandikia habari ya kuungua kama mtu anayechagua kanga dukani?

Mimi si mwanachuoni na sitakufundisha dini yako. Lakini na wewe usijitungie sheria kwa habari ya bibi na paa lake. Muulize Mwalimu Msabah aliyekusomesha Kurani. Mwite, akae nyuma ya pazia, umuulize hivi: moto ukimjia kizuka, akae au atoke? Akisema ukae, habari hii sitaitaja tena maisha yangu. Akisema utoke, misumari ing'olewe siku hiyo hiyo, na Bi Mwanakheir umsalimu.

Nasubiri jibu la Mwalimu. Lako nimeshalisikia.

Mwanao akupendaye,
Shemsa

Miembeni,
4 Februari 1954

Mwanangu mwenye kichwa kigumu, sijui ulikirithi wapi,

Marahaba. Mimi mzima, na mumeo mpe salamu, mwambie asikuache ukakaa juani.

Mwalimu Msabah alikuja. Nilimuuliza kama ulivyotaka. Akanitaka nilirudie swali, maana sasa ni mzee. Kisha akasema, "Mwatima, nani kakwambia eda ni kifungo cha kufia? Mwenye kuikhofia nafsi yake hutoka. Ukikaa kusudi ukaungua, utakwenda kumjibu nini Mola wako? Toka, kisha utulie pale ulipopata salama."

Nikamwambia, "Na mbele za wanaume, Mwalimu?"

"Jifinike utoke. Moto haungoji pazia."

Nililia, Shemsa. Sikulia kwa woga. Tangu babako afe nilikuwa naona kukaa kwangu humu ndicho kitu cha mwisho ninachomfanyia, na nilitaka nikifanye vizuri mpaka mwisho wake. Sasa naambiwa upo wakati ambao nitakiwacha. Ilinichukua siku nzima kulimeza.

Lakini ahadi ni deni. Silima aling'oa misumari. Mlango ulipofunguka, Mwanakheir alikuwa kasimama upande wa pili, mikono kiunoni. Akaniambia, "Leo umenkumbuka?" Nikamjibu, "Nimeukumbuka moto. Wewe umo njiani tu." Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaleta kahawa. Habari ya mbuzi hatukuitaja, lakini sikuisahau.

Sasa sikia jambo. Kizuka hatoki, lakini watu humjia. Mtaa mzima unapita chumbani kwangu kunipa pole, na kila mwanamke akikaa namuuliza: kwako maji ya kuzimia moto yapo? Mgonjwa wako asiyeweza kutembea atabebwa na nani? Wakati wanaume wako kazini nani atavuta makuti? Asiye na jibu simpi kahawa. Wamenung'unika, ati Bi Mwatima kafiwa na mume kapata usheha wa mtaa. Lakini mitungi imewekwa. Mke wa Mcha, yule fundi cherehani wa mbele yangu, nimemhamisha na karai lake la vitumbua kutoka chini ya upenu wa makuti. Kanuna wiki nzima, lakini kahama.

Lala usingizi sasa.

Mamako,
Mwatima

Bwejuu,
27 Februari 1954

Mama yangu,

Dereva wa gari la shamba ametuambia kuwa Miembeni kuliungua jana alasiri. Hakujua nyumba zipi. Siandiki salamu leo, unisamehe, sijui kama yupo wa kuzipokea.

Nilitaka kuja. Shaame amekataa, anasema barabara ile na tumbo hili haviendi pamoja. Anakuja yeye, na karatasi hii mkononi. Mimi ndiye niliyekulazimisha kuufungua mlango ule, na sasa naogopa huenda moto umepitia hapo hapo. Kama unaisoma hii, andika neno moja tu. Neno lolote.

Mwanao,
Shemsa

Miembeni,
28 Februari 1954

Mwanangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Mimi mzima. Nimeliandika hilo mwanzo ili upumue.

Moto ulianza kwa Mwanakheir. Walikuwa wanafukiza nguo za harusi ya mjukuu wake chumba cha mbele, upepo ukaipeperusha nguo moja ikaangukia chetezo chenye makaa, na kutoka hapo moto ukapanda kwenye makuti. Mlango wao wa mbele ulishika kwanza. Ndani alikuwamo yeye, binti zake, na mamake kipofu. Nilisikia mlango wa nyuma unasukumwa, wakaingia kwangu wote, yule bibi kabebwa mgongoni. Kama misumari ile ingalikuwapo!

Nikajitia buibui, nikafika kizingitini, na mguu ukakataa. Wallahi ulikataa. Nilihisi namwacha babako ndani peke yake. Mwanakheir akanishika mkono, akaniambia, "Mwatima, ntoke na wewe au nkae na wewe? Sema!" Nikatoka.

Nje wanawake walishapanga safu ya ndoo kutoka mferejini, bila ya kuitwa na mtu. Wanaume waliokuwapo walisimama na pembo zao mbele ya nyumba yangu, hawafanyi kitu. Paa langu lilikuwa bado halijashika, na ndilo lililobaki kati ya moto na mtaa, lakini nani atathubutu kuvunja paa la kizuka? Unalijua paa lile, Shemsa. Babako aliliezeka mwaka jana na huku anaumwa, kuti kwa kuti, hakutaka msaidizi. Nikapaza sauti wakasikia wote: "Vuteni!" Wakanitazama. Nikasema tena, "Vuteni, nshasema!" Likaja chini. Moto ulifika kwenye kuta tupu, ukakosa cha kula, ukafa.

Nyumba ya Mwanakheir imekwisha. Yangu imebaki kuta. Mtaa umesimama na hakuna maiti. Mwalimu amesema eda niimalizie hapa nilipo, chumbani kwa mke wa Mcha. Nalala mkeka mmoja na Mwanakheir, na anakoroma. Nimemlilia babako upya, kisha nimenyamaza. Naamini angalivuta paa lile yeye mwenyewe.

Sasa ni zamu yako. Nimemkalisha Shaame nikamuuliza: mwezi wa nane ndio huu unakwisha, Shemsa akishikwa na uchungu ukawa mzito, anatolewa vipi Bwejuu mpaka hospitali? Mkunga ameshaambiwa? Gari la nani? Dereva amekubali kuamshwa saa yoyote? Mumeo akatazama vidole vya miguu, akaniambia, "Inshallah mambo yatakuwa mepesi, mama."

Shemsa! Umenifungulisha mlango, umenipatanisha na Mwanakheir, nimevunja paa la marehemu babako mbele ya mtaa mzima, na wewe mwenyewe umekaa hujajipangia lolote? Mimi siwezi kuja kukushika mkono, nimo edani bado. Kwa hiyo nataka jibu, na lije na gari litakalorudi. Inshallah nitaisema mimi huku, kila baada ya sala, kwa moyo wangu wote. Wewe niletee jina la dereva.

Mamako,
Mwatima