Shukrani Zangu kwa Meneja wa Uroa

Muhiddin, usimweleze mtu tena habari za chumba chetu cha hoteli ya Uroa. Niliyowahadithia barazani si kweli, ingawa mimi niliyaamini.

Mjukuu wangu Sabri alisema tu kwamba meneja anatuheshimu. Nikadhani ametupunguzia bei ya chumba na kutupa chakula bure kwa kuwa aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Basi leo wakati wa chai nikasimama mbele ya wageni nikamshukuru kwa kumkumbuka mwalimu wake.

Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi nimesoma Tanga. Wa kumshukuru ni mjukuu wako. Anacheza poka kwenye kasino yetu ya mjini, na anayekaa sana mezani tunampunguzia bei ya vyumba hapa, yeye na jamaa zake."

Kasino. Sabri, niliyemhifadhisha Juzuu Amma mimi mwenyewe.

Nikamwambia Bi Salhiya tuondoke.

"Keti, bwana. Umeshahutubia, sasa kunywa chai."

"Chai ya kamari?"

"Jana uliisifu."

Nimempigia Sabri. Akajibu: "Babu, bibi alihitaji kupumzika, na ningekwambia ukweli usingekubali." Hilo ndilo lililonichosha, kwa sababu ni kweli nisingekubali.

Nimeshafunga sanduku. Lakini Bi Salhiya amelala, usingizi wake wa kwanza wa raha tangu atoke hospitali. Nimeketi kando ya kitanda hicho hicho ninachokikataa, namngoja.

Usinipigie simu, Muhiddin. Utamwamsha.