Ubeti wa Tatu wa "Rudisha Kawa"

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
15 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Zamzam,

Shikamoo. Ninatumaini umeamka salama huko Muscat na goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo, lakini dukani hakosi.

Shangazi, sikuandika mapema kwa sababu nilitaka kwanza kazi ikamilike.

Unafahamu jinsi "Rudisha Kawa", wimbo wako wa kifuniko cha ukili, ulivyotembea. Uliutunga kwenye hina ya harusi ya mama, na Bwana Anuari, aliyekuwa mchumba wako, akaupeleka studio kwa jina lake. Baadaye bendi ya dansi iliupiga kwa magitaa. Mwaka huu kijana mmoja ameuchangamsha upya, na wauza sufuria wa Mtaa wa Kongo wanaufungulia spika tangu asubuhi. Wote wamerithi beti mbili alizochukua Anuari. Redioni alidiriki kusema aliutunga kwa ajili ya mama yake.

Ubeti wa tatu, ulioutunga baada ya wizi ule, haukuwahi kutoka kwenye vyumba vya hina. Mwanamume gani angeusikia?

Kampuni iliyoniajiri kwa mkataba baada ya kuhitimu ilipewa kazi ya kuandaa hafla ya kumtukuza Anuari, katika ukumbi mmoja Upanga. Nikakabidhiwa ratiba. Mwishoni, kwa makusudi kamili, niliweka kikundi chako cha zamani.

Jana Bi Sofia na wenzake waliimba beti mbili kwa adabu. Kisha walishuka jukwaani, wakaenda mpaka mezani kwake kama wafanyavyo harusini, na Bi Sofia akamnyooshea kipaza sauti.

"Mtunzi wetu, tumalizie basi."

"Wimbo una beti mbili tu, dada yangu," akajibu, akicheka na wageni.

"Mbili hizo za wanaume, kaka. Sisi tunazo tatu. Au umezaa mtoto usiyemjua miguu?"

Mama, niliyemwalika, akaanza, na wanawake wakapokea meza kwa meza:

*Kawa nimesuka mimi, wewe umeichukua,*
*Waulize wa chumbani, msukaji wamjua.*

Shangazi, mkewe naye aliuimba. Aliimbiwa kwenye hina yake mwenyewe, akaupenda, asijue unamhusu nani. Katikati ya mstari alimtazama mumewe, akaelewa. Hakunyamaza. Aliumalizia akiwa amesimama, na sauti yake ilikuwa juu kuliko zote.

Sikumhurumia Anuari. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikiyafurahia mashavu yake yakishuka, na ninakiri kwamba niliomba mpiga picha asogee karibu zaidi.

Mkurugenzi wangu ameniita ofisini kesho. Huenda mkataba ukaishia hapo. Nitakwenda nimevaa suti yangu bora na sitaomba radhi.

Msalimie sana mjomba Abdulmajid na binamu yangu Badria. Mama anakukumbatia, na Bi Sofia anasema sauti bado anayo. Mwenyezi Mungu akulinde, akurefushie maisha uyaone mengine mazuri.

Asubuhi hii Anuari amenipigia kwa sauti ya chini, akiomba namba yako ili akutake radhi faraghani. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba akaiombe hiyo radhi redioni, katika kipindi kilekile alichojiitia mtunzi, na aanze kwa kutaja jina lako.

Ni mimi binti yako, nikupendaye bila kipimo,
Najma