Wanataka Bangili Zangu Ziwe Dhamana ya Ndugu Yangu

Mpendwa mshauri Bi. Ummukulthum,

Shikamoo, naomba msaada wako kabla sijagombana na mama yangu ugomvi usio na suluhu, maana hapa Uingereza, kwetu Edmonton, hatuli tena sahani moja. Mdogo wangu Mahir, ambaye ndiye mtoto wa kiume peke yake kwa mama yetu, alikamatwa na polisi mwezi uliopita baada ya ugomvi nje ya bohari anakofanya kazi, kijana mmoja akavunjika taya, Mahir anasema yeye aliingia kuamua na wenzake wanasema hivyo hivyo, lakini aliyeshitakiwa ni yeye, na hakimu akasema ataachiwa kwa dhamana mpaka siku ya kesi ikiwa atapatikana mtu wa kumdhamini kwa pauni elfu mbili. Basi hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu mahakamani, ukimtoa wakili wa Mahir, tulikuwa mimi na mama tu, na nilipotaka kuinuka niulize maana yake mama alinishika mkono akaniambia nikae kimya, dhamana ni kazi ya wanaume, mwanamke hasimami mbele ya hakimu kumtolea mtu dhamana, tutamtafuta mwanamme. Mahir akateremshwa chini akapelekwa rumande.

Baba yetu amefariki na wajomba wako Unguja, kwa hiyo mama akampata Bwana Mwadini. Huyu ni mtu wetu, anajulikana misikitini na kwenye harusi, anavaa koti la kijivu na kutembea na mkoba, na husema ameshawatoa ndani vijana wetu wengi. Alikuja nyumbani akanywa chai, akala sambusa za mama akazisifu, kisha akasema yeye atasimama kuwa mdhamini lakini sharti kwanza apewe zile pauni elfu mbili mkononi, na juu yake kitu alichokiita ada ya mahakama na usumbufu wake. Nilipomuuliza habari ya risiti alicheka akamtazama mama, na nilipomwambia nitamuuliza kwanza wakili wa Mahir hakucheka tena. "Usimwambie wakili, binti," alisema. "Mawakili wa hapa wanaharibu mambo."

Fedha hizo hatuna, kilichopo ni dhahabu yangu ya harusi. Mimi ni mtalaka, Bi. Ummukulthum, ndoa ilikwisha na sikutoka na kitu ila zile bangili, na nikizitazama kabatini najua nina pa kushika siku nikikwama. Lakini mama alilia, nami nikalegea, nikampa Bwana Mwadini bangili mbili za kufungulia mlango kama alivyosema mwenyewe. Sasa anataka zilizobaki, na Mahir yuko pale pale.

Tena kuna jambo jingine, na hili ndilo linanikosesha usingizi. Mama na Bwana Mwadini wameshapanga kwamba Mahir akitoka tu apandishwe ndege aende Unguja kwa mjomba, wanasema dhamana ikishalipwa imelipwa, serikali imechukua chake, kesi itakufa yenyewe. Nikamuuliza mama, na yule aliyevunjika taya? Akaniambia nisijifanye hakimu. Mahir mwenyewe nilipokwenda kumtembelea alinijibu kwa Kiingereza chake, kama kawaida yake hata ukimsemesha Kiswahili mchana kutwa, kwamba haendi popote, hakumpiga mtu, anataka asimame aseme hivyo mbele ya watu.

Basi nimesema sitoi. Hata bangili moja haitoki tena kabatini, na mama amenuna na ameshawaambia watu kwamba nimemwacha ndugu yangu aoze ndani kwa ajili ya dhahabu. Mimi nafanya kazi ofisi ya kaunsili, serikali ya mtaa, mwaka wa saba huu, nina akiba yangu benki, si kubwa lakini ni yangu, kodi ya nyumba tunayokaa na mama na Mahir nalipa mimi, sijamwibia mtu, kwa nini niwe mimi mwenye makosa? Na nikishikilia neno langu, Mahir atabaki ndani kwa sababu yangu? Usiniambie nisubiri, bibi yangu, kusubiri nimechoka.

Mimi Suad,
Edmonton, Novemba 1998


Mwanangu Suad,

Marahaba. Sitakwambia usubiri. Nitakugombeza kidogo kwanza, kisha tufanye kazi.

Ulimwona mtu anacheka akiulizwa risiti, ukamsikia anakukataza usimwone wakili, halafu ukampa dhahabu. Na wewe mtu wa ofisi! Yule bwana alikuonyesha mwenyewe anachokiogopa, ukafumba macho kwa sababu mama analia. Hilo limekwisha, sitalirudia.

Sasa nisikilize vizuri. Hapa Uingereza dhamana hainunuliwi. Polisi hawatozi ada kumwachia mtu kwa dhamana, wala mahakama haitozi ada ya kumdhamini. Hakimu alipotaja pauni elfu mbili hakusema ziletwe kesho kwenye bahasha. Alitaka mtu wa kuweka ahadi na sahihi yake kwamba Mahir asipofika kwenye kesi, yeye mdhamini ndiye atakayedaiwa. Mahir akifika kila anapoitwa, mdhamini hatoi hata peni. Ziko kesi ambazo mahakama hutaka fedha ziwekwe kabisa mapema, lakini hilo hakimu hulisema waziwazi, fedha huwekwa kwa utaratibu wa mahakama na si kwenye mkoba wa mtu, na mshitakiwa akitimiza ahadi zake hurudishwa. Kwa ulivyoniandikia, kwenu halikutajwa. Muulize wakili akuthibitishie. Kumuuliza hakuna dhambi.

Na huyo mwenye mkoba, hakuna cha ada ya mahakama. Tena mtu akikubali kuwa mdhamini huku amelipwa pembeni ili lolote likitokea yeye asipate hasara, amevunja sheria, na aliyemlipa amevunja pamoja naye. Sababu yake hata mtoto anaielewa: mdhamini asiye na cha kupoteza atajali nini kama mshitakiwa yuko mahakamani au yuko Unguja anakula urojo? Mngemaliza kumpa dhahabu yote, wewe na mama yako mngekuwa na kesi yenu wenyewe. Kosa hili ni letu sote. Tumekuja na mazoea kwamba kila jambo la serikali lina mtu wake wa kulipeleka, na kwamba mtu huyo lazima awe mwanamme mwenye koti. Nimeyachoka mazoea hayo, na wanaokula kupitia humo nimewachoka zaidi.

Umeniuliza kama Mahir atabaki ndani kwa sababu yako. Mwanangu, mdhamini mnayemtafuta mtaa mzima ni wewe. Mahakama hutazama kama mtu ana uwezo, kama ana tabia njema, na kama yuko karibu na mshitakiwa kiasi cha kumjua nyendo zake. Wewe una kazi ya miaka, una akiba, huna doa, na unaishi naye nyumba moja. Mumeo yuko wapi si swali la hakimu. Mama alimshika mkono mtu aliyefaa akamkalisha chini, kisha akaenda kumtafuta asiyefaa na kumlipa. Eti mwanamke hasimami mbele ya hakimu! Mimi nilisimama kumdhamini marehemu mume wangu, na paa la mahakama halikuanguka. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Bwana Mwadini amekula sambusa. Aliyezaliwa na Mahir ni wewe.

Lakini usikimbilie kalamu. Sahihi yako ni kitu kizito. Mahir akipanda ile ndege, utadaiwa wewe, akiba yako itakwenda, na ukishindwa kulipa wewe mwenyewe unaweza kufungwa. Kesi nayo haitakufa. Itamsubiri mpaka siku atakayotaka kurudi, na hapo atakuwa na kosa la kutoroka hata kama lile la taya hakulifanya. Kijana anayesema hana hatia na anataka kusimama aseme, mnamfundisha kukimbia kama mwenye hatia. Hilo mwambie mama, tena umwambie kwa adabu, kwa sababu mama yako si mtu mbaya. Ana mtoto mmoja wa kiume na hofu imemjaa. Mtu mwenye hofu hupewa chai akaelezwa, hapewi dhahabu akaigawe.

Kwa hiyo kesho mpigie wakili simu kabla hujaenda kazini. Mwambie wewe ndiye mdhamini, muulize upeleke nini cha kuonyesha mshahara na akiba yako, na mweleze habari za Bwana Mwadini zote, pamoja na ile sehemu inayokuaibisha. Pasipoti ya Mahir itoe pale mama alipoificha, maana naamini ameificha, umpe wakili aiwasilishe. Kisha nenda ukamwone Mahir umuulize uso kwa uso, ahadi yake ni ahadi? Ukiona jibu linayumba, usitie sahihi, na mtu asikutie haya kwa hilo. Likiwa imara, simama naye.

Bangili mbili zidai. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini bangili si maji. Usiende peke yako, wala usimkaribishe tena chai. Akizungusha maneno, ni jambo la polisi, na wakili atakuelekeza. Nawe bwana wa koti la kijivu, najua gazeti hili unalisoma, kwa sababu picha yako ya harusini tulikutolea sisi. Zirudishe kabla ya Ijumaa. Jina lako safari hii nimeliacha kama binti alivyoliandika. Safari ijayo nitaongeza na la baba yako.

Wadhamini wengine hutia sahihi kituo cha polisi au huko huko rumande. Wewe Suad, wakili akiona inawezekana, omba utie mahakamani. Umchukue na mama, akae pale pale alipokaa siku ile. Jina la mdhamini litakapoitwa, na mama akikushika tena mkono, usimkemee wala usimwachie. Inuka naye.

Bi. Ummukulthum