Tarehe Aliyohamia Delbert

418 Njia ya Mossy Creek,
Hallettsville, Texas.
9 Machi 2026.

Mpendwa Shangazi Albina,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu tangu upasuaji, na kwamba mwanao Patsy anakulazimisha kutembea hata mvua ya Oregon ikinyesha. Sisi huku hatujambo. Presha yangu imetulia, ng'ombe watano wameshazaa, ila wiki iliyopita baridi ilirudi ghafla ikaunguza maua yote ya mipichi.

Kadi yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Unauliza kama ni kweli nilimnyima mdogo wangu Delbert karatasi moja tu wakati yuko hatarini kupoteza nyumba. Sijui nani kakupigia simu, ingawa nadhani namjua. Ni kweli, Shangazi. Nilimnyima. Bora uyasikie kwangu, tangu mwanzo.

Baba alipofariki Februari 2023, Delbert alikuja mazishini, akalala kwangu wiki mbili, akarudi Georgia. Mkewe Renee alikuwa hospitali kule kwa ajili ya figo, na duka lao la mazulia lilikuwa halijiwezi. Oktoba ya mwaka uleule, tarehe kumi na nne, walifunga duka na kuhamia huku moja kwa moja. Urithi wake ulipotoka, akanunua ile nyumba ndogo ya mbao nyuma ya kanisa, aliyokuwa akikaa mwalimu wa piano. Kule Georgia walikuwa wapangaji. Nyumba hii ndiyo kitu pekee walicho nacho duniani, na imetokana na jasho la baba.

Madeni yaliwafuata. Ya hospitali, ya duka, ya kadi za benki. Simu zililia hadi Renee akaificha ya kwake kwenye droo ya taulo. Pale ukumbi wa mtaani, wanaume wanaocheza karata za taroky walimwambia Delbert asihangaike. "Nenda katangaze umefilisika, yaishe! Hapa Texas nyumba ya mtu haiguswi." Naye akaamini, maana hata baba alikuwa akisema hivyo.

Desemba 2024 nilimsindikiza kwa wakili mmoja kule Victoria, Bi Cantú, mama mfupi anayeongea taratibu. Swali lake la kwanza halikuwa madeni ni kiasi gani. Aliuliza, "Mmehamia Texas lini?"

Delbert akataja Oktoba ya mwaka uliotangulia. Bi Cantú akaweka kalamu chini.

"Basi subiri," akasema. "Ili utumie kinga ya nyumba ya Texas katika kufilisika, uwe umeishi hapa miaka miwili kamili kabla ya siku ya kufungua shauri. Ukifungua leo, utapimwa kwa sheria ya kule ulikotoka, na Georgia wanakuachia sehemu ndogo tu ya thamani ya nyumba. Iliyobaki ni ya wadai. Itauzwa."

"Lakini nyumba iko hapa!"

"Nyumba iko hapa. Wewe ndiye hujakaa vya kutosha."

Alieleza pia kwamba nyumba iliyonunuliwa miaka michache tu kabla ya kufilisika ina kikomo cha thamani inayolindwa, karibu dola laki mbili. Ya Delbert haifiki hata nusu ya hapo, kwa hiyo hilo halikumtisha. Kilichobaki ni miezi kumi ya kungoja. Wadai wasingeweza kuiuza nyumba akiwa anakaa ndani yake, maana Texas inamlinda hata nje ya kufilisika, lakini wangeweza kumshtaki na kukomba pesa zilizo benki.

Januari akaja kwangu na karatasi. Alikuwa ameiandika mwenyewe: hati ya kiapo, ya kuapa mimi, kwamba yeye na Renee walianza kuishi chumba changu cha nyuma tangu Februari 2023, wakati wa msiba. Kwa hesabu hiyo miaka miwili ingetimia mwezi uliofuata.

"Si uongo mtupu, dada," akasema. "Nililala kwako, sikulala?"

"Ulilala wiki mbili, Delbert. Na Renee hakuja kabisa."

"Nani atajua? Weka sahihi tu."

Nikachukua kalamu, Shangazi. Nisikufiche. Nilishaandika "Bernadine" ndipo macho yakaangukia mstari wa chini, unaosema naapa, na nikisema uongo nitaadhibiwa kisheria. Nikaisukuma karatasi kando. Sikufikiria wema wala kanisa. Niliogopa, basi.

Nikamwambia siwezi. Akacheka kile kicheko chake cha pua. "Bernadine mtakatifu! Tangu utotoni ulikuwa unanisemea kwa baba. Haya, kaa na sahihi yako." Akaichana karatasi vipande viwili, akaviacha juu ya meza karibu na sinia la mikate mitamu ya kolachi, akaondoka. Kuanzia siku hiyo hakunisalimia, hata kanisani. Akakaa benchi la upande mwingine.

Juni wadai wakashinda kesi, na akaunti yao ikakombwa yote, dola elfu mbili na mia tatu. Ndani yake zilikuwemo za dawa za Renee. Hapo nilijilaumu, nakwambia kweli. Kama ningeweka sahihi, nilijiambia, shauri lingekuwa limeshafunguliwa na pesa hizo zisingeguswa. Niliuza ndama mmoja jike nikamnunulia Renee dawa za miezi mitatu. Alikuja kuzichukua kwa mlango wa jikoni, Jumanne, Delbert akiwa kazini. Tulikubaliana asimwambie. Alinishika mikono akasema, "Wifi, anakumiss ila hajui aanzie wapi." Nikamjibu, aanzie mlangoni.

Miaka miwili ikatimia Oktoba. Bi Cantú akaongeza wiki tatu kwa tahadhari, akafungua shauri mwanzoni mwa Novemba. Desemba wakahojiwa kwa video na mfilisi aliyeteuliwa kusimamia shauri. Renee aliniomba nije nikae naye, na Delbert hakukataa. Nikakaa nyuma ya kompyuta, nisionekane.

Mfilisi alikuwa na faili nene. Akauliza, "Mlihamia Texas lini?"

"Oktoba kumi na nne, elfu mbili ishirini na tatu," Delbert akajibu.

"Naona. Maana hospitali ya Georgia inawadai kwa matibabu ya Machi hadi Septemba ya mwaka huo, na mgonjwa ametaja anwani ya kule kila mara." Akafunua ukurasa mwingine, akaendelea na swali la gari.

Basi, Shangazi. Madeni yenyewe yalikuwa na tarehe. Hakuna aliyelifikiria hilo, si mimi, si yeye. Nilimwona Delbert akinitazama juu ya kompyuta, rangi imemtoka usoni.

Barua ya mahakama ilifika Februari: madeni yamefutwa, nyumba imebaki yao. Jioni ile gari la Delbert likaingia uani kwangu, likazima, naye hakushuka. Nikangoja dirishani, halafu nikatoka bila koti. Akateremsha kioo.

"Wangekufunga, dada," akasema. "Ningekuacha uape, halafu wangekufunga wewe."

Nikamwambia ashuke aingie ndani, baridi hii itatuua. Akashuka. Alikula bakuli mbili za supu ya tambi bila kuinua kichwa, kisha akaosha vyombo vyote, hata sufuria ambazo hakuzichafua yeye.

Sasa nina ombi. Mpigie simu Delbert wewe mwenyewe. Anaona aibu kukupigia, anadhani umeshaambiwa kila kitu. Usimuulize habari za karatasi. Muulize ukumbi wa nyumba anaupaka rangi gani.

Nisalimie sana Patsy na mumewe, na wajukuu wote. Renee anakusalimu, figo zinamtii siku hizi. Mungu akuweke, akupe miguu ya kufika huku mipichi ikizaa, kama itazaa.

Mimi mwana wa kaka yako, akupendaye siku zote,

Bernadine