Dhiraa Moja Zaidi

Munje, Msambweni

Mama, shikamoo. Mwanao ni mzima huku ng'ambo, ila moyo hautulii. Nilikuja kujitolea kuchimbua kisima cha mayatima kilichokauka. Maji yalipotoka, mpishi wao, Bi Mwanasha, aliniita kutoka juu: "Basi, fundi! Chini ya hapo ni bahari." Nikajifanya najua, nikaongeza dhiraa moja. Alionja ndoo ya kwanza, akatema. Chumvi tupu! Dhiraa ile tumeifukia kwa mchanga, na Ijumaa ataonja tena. Watoto wamekwisha kupanga madebe yao kisimani, na kila anayenipita husema, "Ahsante, fundi." Nibusie wadogo zangu wote hapo Unguja. Na niombee dua, mama yangu, Ijumaa Bi Mwanasha ameze.

Mwanao, Nasoro