Mwanangu Anakula kwa Kila Mtu Isipokuwa Kwangu

Mpendwa Shangazi Atuganile,

Shikamoo. Nakusoma kila Jumamosi hapa ofisini, gazeti likishapita kwa wakubwa, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia mwenyewe, lakini nimefika mahali nahitaji mtu wa kunigombeza na kunielekeza kwa pamoja, maana kila ninayemweleza ananionea huruma, na huruma haijanisaidia.

Mie ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Kurasini, nimepanga Kiwalani, mume wangu yuko Kahama kikazi, na Mungu ametujalia mtoto mmoja, Blessing, mwenye miezi minane. Likizo ya uzazi ilipokwisha sikuwa na ndugu wa kumwachia mtoto, na aliyenipokea ni jirani yangu Bi Hamdiya, mama mtu mzima wa asili ya Kiarabu, mwenye duka pale mtaani kwetu, ambaye alikuja mwenyewe mlangoni akaniambia, "Mlete hapa mwanangu, nyumba yangu haijakosa mtoto miaka thelathini, sasa nitakaaje kimya kimya?"

Blessing alipotimiza miezi sita nikamwanzishia uji wa lishe, na wiki za mwanzo alikula hadi nikawa najisifu kwa mama mkwe kwenye simu, anamaliza kikombe, analamba na kijiko, lakini alipotimiza miezi saba mambo yakabadilika, jioni nikirudi kazini nikampikia uji wake anageuza uso, anafumba mdomo, anaupuliza unaruka kwenye blauzi yangu, leo anakula vijiko vitano, kesho hataki hata kimoja, na mie nikaanza kuvihesabu.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, ambao mwaka huu umekwenda sambamba na Kwaresima yetu, Bi Hamdiya amefunga na mie nimefunga, na kila nikienda kumchukua mtoto saa moja na robo ananiambia, "Huyu ameshiba, mpe ziwa tu alale." Naitikia asante mama, huku moyoni najua hiyo ni adabu tu, kama mtu anavyokaribishwa chakula akasema nimeshiba wakati tumbo linaunguruma, maana nilijiuliza, ameshiba nini katika nyumba ambayo wote wamefunga na jiko ni la baridi mchana kutwa?

Mama mkwe akaniambia, "Acha kumbembeleza, mshike umnyweshe. Baba yake nilimnyweshaga hivyo hivyo na leo si mwanaume mzima?" Shangazi, hapa naandika kwa aibu. Uji nikaufanya mwepesi ili ushuke haraka, nikawa namlaza Blessing mapajani, miguu nimeibana, mikono yake yote miwili nimeishika kwa mkono wangu mmoja, kiganja cha pili nimekiweka mdomoni kama mfereji, namimina, anameza huku analia, na kikombe kikiisha najiona mama hodari. Nilifanya hivyo jioni tano.

Jioni ya sita alipaliwa. Alinyamaza ghafla, macho yamemtoka, mie nimeganda na kikombe mkononi, na sijui ningefanya nini kama Bi Hamdiya asingesikia kile kilio kinavyokatika upande wa pili wa ukuta, kwa sababu aliingia bila hodi, akamnyakua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake kichwa kikiwa chini, akampiga mgongoni hadi uji ukatoka na mtoto akalia. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Mama Blessing, nilikwambia mtoto ameshiba." Na mie badala ya kupiga magoti kumshukuru, nikamjibu mbele ya majirani waliokwisha kujaa mlangoni, "Kila siku ameshiba, ameshiba! Utajuaje njaa ya mtoto wakati mwenyewe unashinda na njaa?"

Alimfuta mtoto mdomo kwa ncha ya mtandio wake, akanirudishia, akaenda zake. Kesho yake nikampeleka Blessing kwa Loveness, dada wa jumuiya yetu ya kanisani.

Jumatatu ilikuwa kliniki. Nilikwenda nikijua nitaambiwa mtoto amekonda, lakini mstari kwenye kadi ulikuwa umepanda vizuri kuliko mwezi uliopita, na nesi akaniuliza kwa furaha, "Huyu mnampa nini? Endeleeni hivyo hivyo." Jibu nililipata siku hiyo hiyo ofisini, kwani Huda, mjukuu wa Bi Hamdiya, alinitumia video tatu akaandika tu kwamba wamemkumbuka mtoto. Katika ya kwanza Blessing amekaa mkekani wakati wa futari, kibakuli chake kimetengwa mbele yake, mkono huu ana boga, mkono ule ana kiazi, na Bi Hamdiya, ambaye hata tende yake hajamaliza, anamchambulia samaki miiba. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ni mchana, Bi Hamdiya yuko jikoni anaponda ndizi na mchicha, Huda anamuuliza, "Bibi, umeonja chumvi?" naye anajibu, "Mie nimefunga, na kitoto hiki hakihitaji chumvi. Tumepatana."

Nililia hadi Fredrick wa meza ya jirani akaniuliza kontena gani limezuiliwa.

Kumbe nilipokuwa nafika saa moja na robo mkeka ulikuwa umeshakunjwa, na mtoto ameshiba kweli. Siku ya Idi Bi Hamdiya alimtuma Huda na sahani ya pilau yangu, na kibakuli cha Blessing pembeni kisicho na viungo, kana kwamba sikuwahi kufungua mdomo wangu. Leo ni siku ya tisa, vyombo vyake bado viko kabatini, kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu na sijui niweke kitu gani kinachotosha. Namshukuru mama huyu kila nikimtazama mwanangu akipumua, ila sijamwambia.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Blessing anakula kwa Loveness, anakula hata kwa watoto wa Loveness, lakini akiniona mie nimeshika kijiko analia kabla sijamkaribia. Loveness anahama mwisho wa mwezi. Je, nina haki ya kurudi kwa Bi Hamdiya? Na mwanangu atakula tena mkononi kwangu?

Ni mimi Mama Blessing, Kiwalani.

*

Mama Blessing, marahaba.

Umeomba ugombezwe, basi kaa vizuri tuanze na hilo. Mtoto hanyweshwi kwa kubanwa. Ulimfunga mikono, ukamwekea mfereji mdomoni, ukamimina huku analia, na mtoto anayelia anavuta pumzi, kwa hiyo uji ukaenda kusikotakiwa. Umebaki na mtoto kwa sababu ukuta wa nyumba yenu ni mwembamba na jirani yako ana masikio mazuri. Wako waliopaliwa hivyo wakawa hawana Bi Hamdiya. Usirudie, na usimruhusu mtu mwingine arudie, awe mama mkwe au nani.

Halafu ule uji mwepesi. Uji unaotiririka kama chai ni maji yenye rangi, unajaza tumbo dogo na hauachi kitu. Wa mtoto uwe mzito, ukae kwenye kijiko bila kudondoka.

Nimemaliza kugomba, sasa nisikilize. Hukufanya yale kwa ukatili, ulifanya kwa hofu. Unatoka alfajiri, unarudi giza limeshaingia, saa moja ile ya jioni ndiyo nafasi yako pekee ya kuwa mama, na ulitaka kikombe kitupu kikuthibitishie kwamba bado unahitajika. Nimezaa watoto wanne huku nikifanya kazi, nakuelewa.

Lakini hamu ya mtoto haikai mahali pamoja. Miezi ile ya mwanzo chakula ni kitu kipya, anakipapia. Baadaye meno yanamsumbua, au anajifunza kukaa na kutambaa, au mafua yamembana pua, au amekula tu mchana, na leo atakula vijiko vitano, kesho kumi na viwili, keshokutwa ateme vyote. Wa umri wake akila mara mbili au tatu kwa siku, nusu kikombe hivi kila mara, na ziwa lako juu yake, huyo amekula. Mwanao alikuwa anatimiza hayo yote kabla hujavua viatu. Alipogeuza uso alikuwa anakueleza jambo la kweli kwa njia pekee aliyonayo.

Kitakachokupeleka hospitali bila kungoja siku ya kliniki ni mtoto anayekataa na ziwa pia, mwenye homa, anayeharisha au kutapika, aliyelegea, asiyekojoa kama kawaida. Na kadi ikionyesha mstari umelala au umeshuka, muulize nesi. Usimuulize mama mkwe kwenye simu.

Mama mkwe mwambie kwa heshima, "Mama, kliniki wamekataza, na mtoto amepaliwa." Mweleze hasa ilivyokuwa, usimfiche. Bibi yeyote akisikia hivyo atanyamaza mwenyewe.

Sasa Bi Hamdiya. Siku tisa unatafuta cha kuweka kwenye sahani? Weka maandazi, weka machungwa, weka chochote ulichopika mwenyewe, kwani mama aliyemwokoa mwanao hasubiri kulipwa, anasubiri kukuona. Nenda Jumapili ukitoka kanisani, mchana kweupe, majirani wakiwa nje, kwa sababu ulimvunjia heshima mbele yao. Mwamkie, kisha useme wazi, "Mama, nilikosea, nilikujibu vibaya, na wewe ndiye uliyekuwa unamlisha mwanangu. Asante." Usianze na ombi la kumrudisha mtoto. Ukianza na hilo shukrani yako itanuka shida. Mtu aliyetenga kibakuli kisicho na viungo siku ya Idi ameshajibu swali lako la haki, naamini utaulizwa habari za mtoto kabla hujamaliza kukaa. Mkielewana, mwombeni Huda awe anakuandikia ujumbe mfupi mtoto amekula nini na saa ngapi, ili jioni uwe na habari badala ya wasiwasi.

Swali lako la mwisho nalijua ndilo lililokufanya uandike. Atakula mkononi kwako. Miezi minane haina kinyongo, ina kumbukumbu ya mwili tu, na mwili unafundishika upya. Kwa wiki mbili usimlishe kabisa jioni. Mnyonyeshe. Kisha keti naye chini, mikono yake ikiwa huru, ule chakula chako taratibu, na mbele yake uweke vipande vya boga au kiazi vilivyoiva hadi vinabonyea kwa vidole. Usimwelekezee. Usivihesabu. Akivitupa, viokote. Kuna jioni atanyoosha mkono, atachukua kipande kutoka kwenye vidole vyako, atakitia mdomoni mwenyewe. Siku hiyo usipige makofi, usimpigie mtu simu, na machozi yameze. Endelea kula tu, mama.