Mama Alimeza Kabla ya Chai

Songo, Uvira, Jumapili

Kwa yaya Gracien, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wifi yangu Kaneza. Je, afya zenu? Baridi ya Bukavu mmeizoea? Sisi huku tunapumua, ndagala wa ziwani wamepanda bei na joto ni lile lile. Ningependa kusema hatujambo, lakini ningekudanganya. Nakuandikia kwenye karatasi kama watu wa zamani kwa sababu simu zetu huzipokei. Dereva Protais, anayekuletea barua hii, nimemwambia asiondoke mlangoni pako kabla hujaifungua.

Kwanza ujue jambo hili: Mama ana ugonjwa wa sukari. Uligunduliwa baada ya wewe kugombana naye na kuondoka. Anameza kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya chai, na mimi mwenyewe, muuguzi wake na binti yake, ndiye niliyemfundisha. Wagonjwa wangu wengine wananichosha, yaya. Huyu anagawana vidonge na jirani, yule akipata nafuu anaacha. Mama hakuwa hivyo. Kwenye mafundisho ya asubuhi pale kwenye kituo chetu cha afya nilikuwa namsimamisha mbele ya wenzake aeleze anavyomeza, nao wanampigia makofi. Nilijivuna, sikufichi.

Ijumaa pikipiki iliingia uani mwa kituo ikipiga honi. Katikati ya dereva na mwanamke aliyekaa nyuma kulikuwa na mzee aliyelegea, kitenge kimemfunika uso. Nikaita machela, nikauliza jina la mgonjwa, kama ninavyouliza kila mtu. Yule mwanamke akanitazama kama nimerukwa na akili. Alikuwa Kadija, jirani wa Mama kule Nyamianda. Nilipofunua kitenge, nilipiga kelele hadi wagonjwa wakatoka nje.

Mama alikuwa amelowa jasho, macho yamegeuka, haitiki. Sukari ilikuwa imeshuka kuliko mashine yetu inavyoweza kusoma. Sikuamini, nikampima tena kidole kingine, ikawa vile vile. Tukamtia sukari kwenye mshipa. Yaya, mimi niliyewachoma sindano watu wasiohesabika sikuweza kuupata mshipa wa mama yangu. Mwenzangu Osée alinisogeza pembeni, akaupata yeye.

Kadija alisema alimkuta sakafuni, karibu na jiko lisilowashwa. Kumbe Mama alikuwa na akina mama wa chumba cha maombi, kikundi cha kanisani, wanafunga kukavu siku tatu, bila chakula wala maji. Alikuwa amemuuliza kiongozi wao kama kidonge kinavunja mfungo, akajibiwa kwamba dawa haishibishi, ameze tu. Basi akawa anakimeza kikavu kila alfajiri, kabla ya chai ambayo alijua haitakuja. Kidonge kile kazi yake ni kushusha sukari; usipokula, kinakushusha wewe. Kadija akaniuliza, bila ubaya, kama sisi Wakristo hatumuulizi daktari kabla ya kufunga. Mumewe ana ugonjwa huo huo, na kila Ramadhani ikikaribia huenda kwanza kwa daktari. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi hata mama yangu sikumganga. Nilimfundisha asiruke kidonge. Sikumwambia hata mara moja kwamba siku asiyokula asikimeze. Kuwauliza watu wa kanisani kama wanafunga hakukuwahi kunijia akilini, na mimi mwenyewe ninafunga!

Alipofumbua macho nilikuwa nalia. Unajua neno lake la kwanza? "Kidonge yangu ya leo iko wapi?" Nikamweleza kwamba hicho ndicho kilichotaka kumuua, akanishangaa: "Weye njo ulisema nisiruke hata siku moja. Minye sikuruka." Hakuna mgonjwa aliyewahi kunipiga kwa maneno kama hayo.

Daktari amesimamisha vidonge kwanza, na tunampima mara kwa mara kwa sababu dawa ile hukaa mwilini. Anakunywa uji, lakini kwa shida, na sasa nitakwambia kwa nini, ingawa amenikataza. Unakumbuka alivyomwambia Kaneza mbele ya wageni, siku ile mliyogombana, kwamba hatakula kamwe chakula cha mkono wake? Mama anasema mdomo uliosema vile hauna haki ya kula. Alikuwa anafunga kwa ajili yenu, yaya. Ameweka nadhiri kwamba hadi wifi aingie nyumbani kwake, atakuwa anafunga hivyo kila wiki. Nimembembeleza, nimemfokea, mchungaji naye amekuja kumwambia Mungu hamdai hivyo. Anatuitikia kwa heshima, kisha ananiambia akipata nguvu ataanza tena. Nikimpa dawa ataanguka tena, nisipompa, sukari itapanda imuue polepole. Uuguzi wangu umefika mwisho hapa.

Hasira zako ni za haki, sitakuomba uzisahau. Ninakuomba umlete Kaneza. Aingie nyumbani kwa Mama, apike ugali, mwepesi tu, amlishe kwa mkono wake. Mama atakula.

Pokea salamu za Osée na Kadija. Mbusu wifi kwa niaba yangu, mwambie ninamheshimu na ninamngoja. Bwana awalinde barabarani.

Ni mimi mdogo wako,
Aline